Mchicha wa Mto Themi

Mchicha unaolimwa kando ya Mto Themi hauhitaji mbolea. Mamdogo wangu ana matuta yake upande wa Lemara, hapa Arusha, tangu nikiwa darasa la tatu, na kwa miaka yote hiyo sijamwona akinunua hata mfuko mmoja wa urea. Wakulima wa Ngaramtoni wananunua mbolea ya kupandia, wakimaliza wananunua ya kukuzia, halafu wanalalamikia bei. Yeye anafungua kimfereji asubuhi, maji ya mto yanaingia, anafunga. Wiki ya nne mchicha uko tayari, majani mapana, kijani kilichokolea mpaka kinakaribia weusi. Wachuuzi wa Soko la Kilombero wanamfahamu kwa mboga hizo. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, pamoja na sare, madaftari na nauli ya kurudi shule kila muhula.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kule Tengeru, na utafiti wangu ni juu ya maji hayohayo: nini kinaingia mtoni mjini, na naitrojeni na fosforasi zinafanya nini zikishaingia. Kwa ufupi, mto ulinisomesha, kisha nikatumwa kwenda kuupima.

Themi inaanza vizuri. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500, na msitu wake unanasa ukungu na mvua na kuviachia polepole kupitia chemchemi. Ukisimama mahali ambapo mto bado uko chini ya miti, unatia mkono majini na kuutoa haraka kwa baridi. Maji yanarukaruka juu ya mawe ya volkeno, na kila yanaporuka yanajichanganya na hewa. Ukigeuza jiwe unakuta viluwiluwi vya wadudu wa aina zile ambazo hazivumilii uchafu. Sisi tunawahesabu hao kama wengine wanavyohesabu fedha.

Kisha mto unaingia mjini. Hapo nina orodha ndefu ambayo kila mkazi wa Arusha anaijua bila kusoma digrii: povu la sabuni za kufulia, oili chafu za gereji, sehemu za kuoshea bodaboda, pampasi, mbolea ya ng'ombe wa ndani inayosombwa na mvua. Na kuna kutapisha vyoo. Kama hujakulia uswahilini nikueleze: choo cha shimo kikijaa, kuita gari la majitaka ni gharama. Unasubiri mvua kubwa ya masika, usiku, unatoboa tundu ukutani mwa shimo, na maji ya mvua yanamaliza kazi. Asubuhi mtaa mzima unanuka, na mtaa mzima hautaji mtu. Mabwawa ya zamani ya majitaka yalikuwa hapohapo Lemara; mradi mkubwa wa maji wa jiji, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umejenga mapya kule Terrat. Ni hatua kubwa. Lakini nyumba nyingi bado zinategemea shimo na karo, na bwawa la kisasa halimsaidii mtu ambaye bomba la majitaka halijafika kwake.

Yote hayo, ukiyatazama kwa jicho la maabara, ni chakula. Kinyesi kina naitrojeni na fosforasi. Mkojo una zaidi. Mchicha wa mamdogo unakula kilichotoka kwenye vyoo vya watu wa juu, kilichochemshwa kidogo na jua na kuchanganywa na maji ya Meru. Ndiyo maana haununuliwi urea.

Nilipoanza kuandika pendekezo la utafiti nilipata taabu na neno moja. Kiswahili hakina ubaya wa rutuba. Rutuba ni sifa siku zote: ardhi yenye rutuba, udongo wenye rutuba, hata mtu mwenye mawazo mengi tunasema ana akili yenye rutuba. Sasa mweleze mtu kwamba ziwa linakufa kwa sababu lina rutuba. Darasani tunasema eutrofikesheni na kila mtu anatikisa kichwa, lakini nilitaka neno ambalo mamdogo angelikubali bila kunihurumia. Nililipata mezani, siku ya sikukuu, binamu yangu alipokula pilau sahani ya tatu akalala kwenye mkeka akihema. Kuvimbiwa. Maji yanavimbiwa.

Yanavimbiwa hivi. Mwani mdogo usioonekana kwa macho unaishi katika maji yote, na kwa kawaida unakosa kitu kimoja cha kuuzidisha, mara nyingi fosforasi. Mmarekani Alfred Redfield, aliyechunguza viumbe wadogo wa baharini, alionyesha kwamba miili yao ina uwiano unaokaribia kuwa wa kudumu: kaboni 106 kwa naitrojeni 16 kwa fosforasi 1. Maana yake ni kwamba fosforasi kidogo sana, ile ya sabuni ya ndoo moja, inatosha kujenga mwani mwingi. Mwani unajaa na maji yanageuka kijani. Kisha unakufa na kuzama, na bakteria wanaouozesha wanatumia oksijeni iliyokuwa ya samaki. Chini kwenye matope kuna fosforasi ya zamani iliyoshikwa na chuma. Oksijeni ikiisha, chuma kinaachia. Fosforasi inapanda tena juu, na mwani unaanza upya. Ziwa likifika hapo linaweza kuendelea kujilisha lenyewe miaka mingi hata ukifunga kila bomba linaloleta uchafu. Sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya nichague somo hili, nakiri, kwa sababu ilinitisha.

Mto una nafuu kuliko ziwa kwa sababu unakimbia. Lakini kukimbia si kusafisha. Themi inaungana na Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Kilichotapishwa Arusha usiku wa Aprili kinatulia kwenye bwawa ambalo watu wa Mwanga na Simanjiro wanavua perege. Wao hawajui usiku ule ulikuwa wa nani.

Na hapo tabianchi inaingia. Watu wengi wanaposikia mabadiliko ya tabianchi wanafikiria theluji ya Kilimanjaro, kwa kuwa inapigika picha vizuri. Mimi nafikiria kipimajoto changu cha maji. Maji yenye joto hayashiki oksijeni kama ya baridi: usawa wa bahari, lita ya maji safi ya nyuzi 20 inaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni, kwa nyuzi 25 inashuka hadi kama 8. Arusha iko juu, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tunaanza na kidogo zaidi. Upande mwingine bakteria wanaoozesha wanachangamka joto likipanda. Oksijeni inayoingia inapungua, inayotumika inaongezeka.

Halafu mvua. Kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 Afrika Mashariki ilikosa mvua msimu baada ya msimu; mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño na masika ya 2024 yakaendeleza mafuriko. Wakati wa ukame mto unapungua lakini vyoo, gereji na mabeseni ya kufulia havipungui, kwa hiyo mchuzi unakolea. Mafuriko yakija, kila kilichokuwa kimekaa kwenye mitaro, mashimo na mashamba kinasombwa kwa siku chache. Mto uliozoea kulishwa kidogokidogo unashindishwa njaa, kisha unalishwa kwa nguvu.

Lakini usidhani kila mahali tatizo ni kuzidi. Ukienda Kigoma hali imegeuka. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na lishe yake kubwa iko chini gizani, ambako hakuna oksijeni. Samaki wanaishi juu. Kinachounganisha chini na juu ni upepo: pepo za kusini za miezi ya kiangazi zinayasukuma maji ya juu, na ya chini yanapata nafasi ya kupanda na lishe yake. Ziwa likipata joto, tabaka la juu linakuwa jepesi na kukaa kama mfuniko, na upepo uleule unashindwa kuchanganya. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mwani katika Tanganyika huenda ulishuka kwa karibu asilimia 20, na wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yangeweza kupungua kwa takriban asilimia 30. Dagaa wa Kigoma wanakosa chakula ambacho kipo, kimekwama chini yao. Hapa kwetu chakula kimemwagwa juu bila mpango. Nikiwa na usingizi maabara huwa nawaza bomba moja refu kutoka Arusha hadi Kigoma, kisha najikumbusha nilichojifunza.

Mfano wa tatu uko nyuma ya mlima huuhuu. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yapo kwenye vilima vya vifusi vilivyobaki upande wa mashariki wa Meru ulipoporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Ni maji ya magadi, hayana pa kutokea, kila ziwa na rangi yake kutegemea nani anaishi ndani. Floraidi yake inahesabiwa kwa mamia ya miligramu kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi 1.5. (Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia, kama ya nusu ya darasa letu la msingi. Nikiwa Dar es Salaam watu huniuliza kama navuta sigara. Ni Meru hiyo.) Katika maji hayo makali wanastawi sianobakteria wa kijani-bluu ambao flamingo wadogo, ambao kamusi zinawaita heroe, wanawachuja kwa midomo yao iliyopinda.

Mwaka 2004 flamingo walikufa kwa wingi Ziwa Manyara na Momella Kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipochunguza walikuta sumu zinazotengenezwa na sianobakteria na wakaona hiyo kuwa sababu inayowezekana ya vifo. Jamii moja ya viumbe inaweza kuwa chakula au sumu, kutegemea ni aina gani imeshika ziwa wakati huo. Miaka ya karibuni kumekuja jambo jingine: maziwa ya Bonde la Ufa yamefurika, na maji ya mvua yanapunguza ukali wa magadi. Utafiti uliochapishwa 2024, uliotumia picha za setelaiti za maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki tangu 1999, ulionyesha kwamba chakula cha flamingo kinapungua maji yanapopanda. Ukimweleza mtu wa kawaida kwamba ndege wa majini wanapata shida kwa sababu maji yameongezeka, anakutazama kama unamchezea.

Nimezunguka mbali, najua. Nilikuwa nakwepa kurudi Lemara.

Nina vituo sita vya kuchukua sampuli. Cha kwanza kiko msituni, cha sita kiko mbali nje ya mji. Cha nne kiko mbele ya matuta ya mamdogo. Sikukipanga kwa mapenzi. Ukigawanya mto kwa umbali, kinaangukia pale. Mara mbili kwa mwezi nafika na deli la barafu, chupa, na buti za mvua, nampa shikamoo, anaitikia bila kuinua mgongo, na tunafanya kazi hatua chache kutoka kwa mwenzake, yeye akifunga mafungu ya mchicha kwa kamba za migomba na mimi nikiandika namba. Oksijeni inashuka kutoka kituo hadi kituo na fosfeti inapanda. Bakteria wa kinyesi, kituo cha nne, ni wengi kiasi kwamba inabidi niizimue sampuli mara kadhaa ndipo niweze kuwahesabu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria nzuri. Ningeitetea kwenye mtihani wowote. Matuta ya mamdogo yako kama mita nane kutoka majini. Miaka ya nyuma watu wenye sare walipita na mapanga wakafyeka mboga za kina mama wote wa upande ule, asubuhi moja, mbele yao. Mwezi uliofuata walikuwa wamepanda tena. Wangefanya nini?

Sasa jedwali la tasnifu linadai majira-nukta ya kila kituo, desimali tano, usahihi wa karibu mita moja. Na safu inayofuata inadai matumizi ya ardhi. Kwa hiyo ndani ya kitabu kitakachokaa maktaba na mtandaoni ningeandika mahali mamdogo anapoinama, pamoja na idadi ya bakteria waliopo miguuni pake. Nilimweleza msimamizi wangu. Ni mtu mtaratibu. Alinyamaza kidogo, akasema utafiti usioweza kurudiwa ni hadithi, kisha akasema tena kwamba hatufanyi utafiti ili watu wafyekewe. Tulikubaliana juu ya desimali mbili. Desimali mbili ni kama kilomita moja. Ndani ya kilomita hiyo kuna makanisa, baa, shule na nyumba nyingi sana. Mtafiti atakayetaka kurudia kipimo ataniandikia barua pepe na nitamwelekeza mwenyewe, baada ya kumuuliza maswali.

Hilo lilikuwa jepesi. Gumu lilikuwa kumwambia mamdogo mwenyewe. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amepika ugali na mchicha wa shambani kwake, nikala, kwa sababu bakteria wanakufa motoni na kwa sababu kuna vitu ambavyo mtu hakatai. Kisha nikaeleza. Nikatumia lile neno langu, kwamba mto umevimbiwa. Akalipenda.

"Kwa hiyo maji yangu ni machafu."

"Ndiyo, mamdogo."

"Na hilo ndilo ulilokwenda kusomea?" Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Mwanangu, yananuka tangu hujajua kusoma. Niambie nifanye nini."

Nilikuwa nimejiandaa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu kumwagilia kwa maji ya aina hii ina mambo ambayo mkulima mdogo anaweza kuyafanya: acha maji yatulie kwenye kidimbwi kabla ya kuyatumia, mwagilia shinani badala ya juu ya majani, simamisha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, usilime kinacholiwa kibichi. Alisikiliza moja baada ya jingine kama anayechagua nyanya. Kidimbwi kitakula matuta mawili, akasema, na ana kumi na moja tu. Kusimamisha maji Januari ni kuua: mchicha ukikosa maji siku tatu unalala, na Kilombero hakuna anayenunua mboga iliyolala. Kumwagilia shinani anaweza. Kiangazi huwa anatumia keni, ataishusha chini, mgongo utauma lakini anaweza. Kuhusu kinacholiwa kibichi alinyamaza muda mrefu. Saladi na giligilani ndiyo yenye hela. Saladi ndiyo iliyolipa kidato cha tano na cha sita.

"Wanaokula saladi ni watu wenye friji," alisema hatimaye. "Wana maji ya bomba. Si wataosha?"

Nikamwambia kuosha kunapunguza, hakumalizi. Nikamwambia pia kuhusu risasi na madini mengine ya gereji, ambayo moto hauyaui. Hapo hakucheka. Aliuliza kama na yeye, aliyesimama kwenye maji hayo peku zaidi ya miaka 15, ana kitu ndani. Nikasema twende tukapime minyoo kwanza, hicho kinatibika kirahisi, na nimnunulie buti. Akataka kujua bei ya buti. Tukakubaliana kwamba saladi iliyopo shambani itavunwa na kuisha, kisha pale atapanda sukuma wiki na figiri, vitu vinavyopikwa. Tofauti ya hela hatukuizungumza, ingawa wote tuliifanyia hesabu kichwani.

Nilipokuwa navaa viatu nikamweleza habari ya jedwali na desimali mbili, kwamba hakuna atakayemfikia kwa kitabu changu. Alifikiri kidogo.

"Na wale wanaotapisha vyoo huko juu? Na ile gereji? Nao umewaandikia namba zao?"

Nikamwambia hao hawana kituo. Wametawanyika mji mzima, kila mmoja anachangia kidogo, na uchafu wa namna hiyo hauna nukta moja ya kuchorwa kwenye ramani. Kitaalamu una jina lake.

"Mimi ndiye mwenye nukta," alisema, na akaanza kuchambua mbegu za figiri kwenye ungo.